Zimwi Likujualo: Mgeni na Mwenyeji katika Mafunzo ya Mwali

Katika lugha yetu mtu asiyejulikana na mtu aliyekaribishwa huitwa kwa jina moja: mgeni. Ziko lugha zenye maneno mawili kwa watu hao wawili. Sisi tunalo moja, na kwa hilo moja twafanya kazi zote mbili, ya kufungua mlango na ya kuufunga. Methali zetu hazikupatana juu yake. Moja humwita, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine humpa siku mbili tu, na siku ya tatu humpa jembe. Wala hazikupatana juu ya yule mwenyeji. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, husema mmoja; kikulacho ki nguoni mwako, hujibu mwenzake. Mwenye kuishika methali ya kwanza atamfundisha binti yake kuogopa njia. Mwenye kuishika ya pili atamfundisha kutazama pia ndani ya nyumba.

Nataka katika makala haya kuuliza jinsi fasihi yetu ilivyowafundisha wasichana kujilinda na watu wasiowajua. Jambo hili huachiwa wazazi, polisi na mabwana afya, kana kwamba halimhusu mhakiki. Lakini mafunzo hayo yalitolewa kwa tenzi, kwa ngano, kwa nyimbo na kwa mafumbo kabla ya kuwapo ofisi yoyote ya kuyatoa, na hata leo msichana wa shule hupewa vitabu kwa nia hiyo hiyo. Maoni yangu, nayatoa mapema ili msomaji ayapime, ni kwamba utenzi wa wosia, ambao twausifu kupita aina nyingine, ulimfundisha msichana kujisitiri na kunyamaza. Na kwamba ngano, wimbo wa taarabu na riwaya vimekuwa walimu bora zaidi, kwa kuwa vyauliza jambo ambalo wosia hauliulizi: msichana akipatwa, nani atamsikia?

Msichana nimfikiriaye ni wa Kibuta, kata ya wilaya ya Kisarawe katika mkoa wa Pwani, nchi ya Wazaramo. Nimemchagua kwa sababu anasimama kati ya mafunzo mawili. Zamani mwali wa Kizaramo alipovunja ungo aliwekwa ndani, na muda wake ulihesabiwa kwa miezi, pengine kwa miaka. Alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono, chenye nywele zilizochongwa kichwani. Akakitunza na kukipaka mafuta kama mama atunzavyo mtoto. Marja-Liisa Swantz, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya ibada na alama za Wazaramo, ameyaeleza mambo hayo kwa kirefu, na anayetaka kuyajua akamsome. Mimi nataka kutaja moja tu. Mizungu afundishwayo mwali husemwa kwa mafumbo, na fumbo halifai kitu bila mfumbuzi. Mfumbuzi huyo ni somo wake, ambaye haachani naye siku ya kutolewa nje. Ataendelea kuwa mtu wa kuambiwa yale asiyoweza kuambiwa mama, seuze baba. Wasomi wengi wamekusanya mafumbo wakamwacha somo, kama mtu achukuaye kufuli akasahau ufunguo.

Siku hizi shule imefupisha muda wa kukaa ndani, hata mara nyingi ukaingizwa katika likizo. Msichana wa Kibuta hutembea kwenda shule, hupanda bodaboda, huenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya nyumbani, na jioni hupokea katika simu maneno ya mtu asiyemwona uso. Vitabu vyetu vimempa nini cha kwenda nacho?

Hatuna budi kuanza na Utendi wa Mwana Kupona, maana kila wosia uliofuata umepita chini ya kivuli chake. Ulitungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa, naye alimtungia binti yake, Mwana Hashima. Mumewe, Sheikh wa Siyu aliyejulikana kama Bwana Mataka, alikuwa amekwisha kufariki baada ya kushindana miaka mingi na Sultani wa Unguja. Haya yafaa kukumbukwa, kwa sababu wako wanaousoma utendi huu kama kwamba ulitungwa mahali penye amani, na mama mwenye starehe zake. Njia ya Siyu ya siku zile haikuwa ya kuchezea. Mama aliyeona vita, ambaye alijua kwamba karibu atamwacha binti bila baba wala mama, alikuwa na sababu ya kumwambia asitoke bila ruhusa, asikawie, asijifunue, wala asisimame njiani kuzungumza.

Tena kuna akili katika mashauri hayo ambayo mabango yetu ya leo hayanayo. Mabango husema: jihadhari na mtu usiyemjua. Sheria ya dini aliyoifuata Mwana Kupona haikugawa watu kwa kujulikana na kutojulikana. Iligawa maharimu na asiye maharimu. Na katika kundi hili la pili wamo binamu, shemeji, jirani wa miaka ishirini na rafiki wa kaka. Msichana aliyelelewa kwa mgawanyo huo hakufundishwa kwamba sura aliyoizoea ni salama kwa kuwa ameizoea. Sidai kwamba mpaka huo ulimlinda kila mara. Nasema tu kwamba ulichorwa na watu walioijua nyumba kwa ndani.

Walakini utendi una mambo mawili ambayo sifa zetu huyafunika. La kwanza ni watumwa. Mwana Kupona amwonya binti yake asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Basi tuulize: ikiwa binti wa Sheikh hatoki ila kwa ruhusa, nani aliyetoka kwenda kisimani, sokoni na shambani? Walitoka wasichana wengine, wenye umri kama wake, na njia ilikuwa ile ile. Kwao hakuna aliyetunga utendi. Usalama wa ndani ulinunuliwa kwa hatari ya walio nje, na mwalimu anayemsomea msichana wa Kibuta beti zile, msichana ambaye mwenyewe ndiye atekaye maji, anamsomea wosia ulioandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

La pili ni ukimya. Utendi wamweleza binti namna ya kumpendeza mume na kuipata radhi yake. Haumwelezi la kusema wala la kutenda mtu akimjia kwa ubaya. Najua ya kuwa Ann Biersteker ametoa hoja kwamba shairi hili lisisomwe kama amri tupu, na kwamba ndani yake mna kejeli ya mwanamke mwenye akili. Naikubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Hata hivyo kejeli ni silaha ya mtu mzima. Msichana wa miaka kumi na minne husikia amri.

Shaaban Robert, katika Utenzi wa Hati aliomtungia binti yake, hapiti mbali na njia hiyo, ingawa moyo wake ni wa karne nyingine. Jina lenyewe laonyesha kwamba alikusudia iwe karatasi ya kuhifadhiwa, mali ambayo binti aliyefiwa na mama angeweza kukaa nayo. Ni utenzi wenye huruma, nao humtaka msichana awe na adabu, kazi na imani. Hatari haina sura humo. Baba wa Kiswahili hasemi na binti yake juu ya mambo hayo, na mshairi mkubwa hakuwa na ruhusa zaidi ya baba mwingine.

Sasa niigeukie ngano, ambayo shuleni tumeiweka madarasa ya chini kama kwamba ni chakula cha watoto tu. Kila msomaji anaijua ile ya msichana na zimwi. Wasichana wanakwenda pwani kuokota makombe. Mmoja apata kombe zuri, aliweka juu ya mwamba, alisahau. Wakiwa njiani kurudi alikumbuka, awaomba wenzake warudi naye, wakataa. Arudi peke yake, akiimba ili kujipa moyo. Juu ya mwamba amekaa zimwi, lasikia wimbo, lamsihi aukariri, tena asogee karibu. Lamtia katika pipa, wengine husema katika ngoma, likaenda nalo mji hata mji. Kila mji lapiga, msichana aimba, watu wafurahi, nalo lapewa chakula. Mwisho lafika mji wa wazazi wake, nao waijua sauti. Walinywesha zimwi hata lilale, wamtoa mtoto, wajaza nyuki na siafu mahali pake.

Naomba tuisome ngano hii kwa uangalifu ule ule tunaoutumia kwa tenzi. Kwanza, haimlaumu msichana kwa kulipenda kombe. Wasimulizi wa vitabu vya shule hupenda kuongeza mwishoni kwamba mtoto asiwe msahaulifu, lakini nyongeza hiyo ni yao. Niliwahi kuisikia ikisimuliwa Kibuta na bibi mmoja mtu mzima, naye alipofika pale wenzake wanapokataa kurudi alinyamaza kidogo, akawatazama wasichana waliokaa mbele yake mmoja mmoja, kisha akaendelea. Hakusema neno. Kosa la kwanza ndani ya ngano lipo hapo, kwa wale waliokwenda zao.

Pili, tazama ombi la zimwi. Halitishi wala halikimbizi. Laomba jambo dogo: wimbo urudiwe. Likiisha kupewa dogo laomba jingine, kwamba msichana asogee kidogo, ili lisikie vizuri. Mtu yeyote aliyepata kusikiliza kisa cha kweli cha msichana aliyedanganywa atalitambua ombi hilo, awe mwenye kuomba alikuwa juu ya pikipiki au ndani ya simu. Katika utendi mgeni ni macho yanayotazama njiani, hana maneno. Ngano inampa mgeni sauti yake halisi, nayo ni ya upole.

Tatu, na hapa ndipo ninapoistaajabia zaidi, zimwi ni mgeni aliyekaribishwa. Kila mji lafunguliwa mlango na kupewa wali na nyama kwa ajili ya pipa liimbalo. Watu wa miji hiyo si wabaya. Wamefanya yapasayo kwa mgeni, wamesikia sauti ya mtoto, wameisifu, wala hawakuuliza yatoka wapi. Mtungaji asiyejulikana wa ngano hii amezishika maana zote mbili za neno letu kwa mkono mmoja. Na ukombozi vilevile unakuja kwa njia ya ukarimu, maana wazazi hawapigi kelele. Wamwongeza mgeni pombe. Kilichowatofautisha na miji mingine ni kwamba wao waliijua sauti. Msichana naye hakuwa na silaha ila kuendelea kuimba.

Kutoka kwenye ngano nakwenda kwenye jambo lililotokea kweli, maana fasihi yetu ya kisasa inalo shairi lililotungwa juu ya mauaji halisi. Siti binti Saad wa Fumba, aliyefariki mwaka 1950, aliimba juu ya mtu aitwaye Kijiti. Yeye na wenzake walikuwa wamekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, naye Shaaban Robert aliandika wasifu wake uliotoka mwaka 1958. Kisa cha Kijiti amekieleza Laura Fair katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya starehe na siasa za Unguja. Mwanamke kutoka Dar es Salaam, tena mja mzito, alikuja Unguja kutembea. Kijiti alimchukua pamoja na rafiki zake kwenda kwenye starehe nje ya mji, akamwingilia kwa nguvu na kumwua. Kisha akatorokea bara. Waliobaki mbele ya hakimu walikuwa wanawake waliotoa ushahidi, na lawama ikawaangukia wao, kwa sababu pombe walikuwa wameinunua wao.

Wimbo wamwita yule mwanamke mgeni. Neno ni lile lile, lakini mahali pamebadilika: safari hii mgeni ndiye msichana, na mwenye hatari ni mwenyeji. Nimewahi kusikia wimbo huo ukifundishwa kama onyo kwa wanawake wasitoke na wanaume wasiowajua. Onyo hilo limo. Lakini anayesikiliza mpaka mwisho ataona kwamba nguvu ya wimbo imeelekezwa mahali pengine. Unamtaja muuaji kwa jina lake, tena na tena, katika mji ambao mahakama ilishindwa kumpata, unamlaani, unaitilia shaka haki ya hakimu anayewafunga mashahidi. Siti aliimba nyumbani kwa watu, wanawake kwa wanaume, na watu walikuwa wakitoka hapo na jina mdomoni. Hiyo nayo ni elimu ya kujilinda. Msichana mmoja aliyeonywa asitoke amelindwa usiku mmoja. Mji mzima unaolijua jina la Kijiti ni jambo jingine kabisa.

Tufike kwenye riwaya. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, baadaye ikaruhusiwa. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Rosa anakwenda shule ya Rosary akiwa na hofu ya wanaume wote bila kujua hata mmoja. Huko Deogratias, bwana mwenye kazi na cheo, anampata. Chuoni Morogoro ni mkuu wa chuo mwenyewe. Mwisho Charles, yule yule wa barua, anamkataa kwa kuwa si bikira, na Rosa anajiua.

Wanafunzi wetu hufundishwa kulijibu swali moja juu ya kitabu hiki: madhara ya malezi makali. Hujibu vizuri, hupata alama zao. Nami nasema jibu hilo ni nusu, na nusu yenye kupotosha. Likisemwa peke yake lamwacha Deogratias aende zake, lamwacha mkuu wa chuo aende zake, nao ni watu wazima waliojua walifanyalo. Zakaria ana hatia, lakini hatia yake ni ya namna ya pekee: alimfundisha Rosa kwamba hatari ni kijana wa kijijini mwenye barua, akamwacha bila neno lolote kwa mtu mwenye suti, gari na cheo. Watu hao wawili si wageni kwa maana ya mabango. Wana majina na ofisi. Mmoja amekabidhiwa wasichana na serikali. Zaidi ya hayo, kile kipigo kilimfunga Rosa mdomo. Angemwambia nani? Baba aliyempiga kwa barua asiyoijibu angefanya nini kwa habari nzito kuliko hiyo? Msichana huyu amekwisha kutiwa ndani ya pipa kabla ya kuondoka nyumbani, naye haimbi.

Hapa riwaya inakutana na hesabu. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima Tanzania Bara na Zanzibar juu ya ukatili kwa watoto, matokeo yakatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana watatu katika kumi walisema wamepatwa na ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Walipoulizwa ni nani aliyewatenda, jirani alitajwa sawasawa na mtu asiyejulikana, kila mmoja kwa karibu theluthi. Msomaji asiichukue hesabu hiyo kunibebea hoja yangu yote. Theluthi ya watu wasiojulikana si ndogo, na anayewaambia wasichana kwamba njia haina hatari anawadanganya. Lakini jirani amesimama pale pale sawa naye. Zimwi likujualo, basi, halikuwahurumia.

Sheria nayo imebadilika tangu siku za Rosa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilipitishwa mwaka 1998. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na ampaye mimba mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka thelathini. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya mimba aweza kurudi. Kwa maneno ya uhakiki, sheria imeanza kumtaja mhusika ambaye madarasa yetu ya fasihi yangali yanamruka.

Kisarawe yenyewe imejaribu njia nyingine. Katika siku za Jokate Mwegelo, aliyeteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya mwaka 2018, ulianza ujenzi wa shule ya sekondari ya wasichana inayoitwa kwa jina lake. Bweni hukata safari ndefu ya kila siku, na mzazi yeyote wa Kibuta aweza kukuambia thamani ya hilo. Mtu aliyesoma habari za mwali hawezi kuacha kuona kwamba bweni ni kule kuwekwa ndani kwa namna mpya, kwa muda mrefu kuliko ule ambao shule yenyewe ilikuwa imeufupisha. Kuta zipo, walimu wapo, vitabu vipo. Nisichokiona katika mipango ya mabweni yetu kwa jumla ni somo: mwanamke mmoja, ajulikanaye kwa kazi hiyo, ambaye msichana ana haki ya kumwambia jambo lolote bila ya kuhukumiwa kwanza. Mlezi wa bweni mara nyingi ndiye pia mwenye kuadhibu, nao wasichana wanajua kuzitenganisha kazi hizo mbili kuliko sisi tunaozipanga.

Sitaki Utendi wa Mwana Kupona uondolewe katika orodha ya vitabu. Asiyeujua hajui Kiswahili kilivyoweza kusema kwa upole mambo magumu. Nataka usisomwe peke yake. Uwekwe kando ya ngano ya pipa na wimbo wa Kijiti, tena wimbo usikilizwe katika santuri, usisomwe karatasini tu. Na Rosa Mistika isomwe baada ya hayo. Mimi katika darasa langu nimeliacha lile swali la malezi ya Zakaria. Badala yake nawauliza wanafunzi wataje ni nani katika riwaya hii aliyemsikiliza Rosa, lini, na alifanya nini baada ya kusikia. Majibu huwa mafupi, na wengine hurudi kuomba wapewe muda wa kukisoma kitabu tena.